Kabuti la Cleophas

Kitu alichokipenda Bertila kuliko vyote duniani, ukimwondoa binti yake Modesta, kilikuwa mlango. Usicheke. Ulikuwa mlango wa mninga, mzito, wa nyumba ya vyumba viwili kule Majengo, Sumbawanga mjini. Aliununua kwa unga wa ulezi aliouza sokoni kibaba kwa kibaba, wakati mume wake Cleophas akimwambia kila jioni kwamba bati lingetosha. Bertila akakaa kimya, akauza, akaleta fundi. Tangu hapo starehe yake ilikuwa kuufunga jioni baridi inapoanza kuuma, kuusikia ukikaa kwenye fremu, na kujua kwamba hakuna wa kumwamuru afungue.

Cleophas alikuwa mlinzi nyumbani kwa Bwana Elisha, afisa wa maji aliyehamishiwa huku kutoka Mbeya pamoja na mkewe Atusaye, nesi. Alikuwa mtu wa maneno machache, unaweza kukaa naye kilabuni hadi pombe ikaisha ukasahau kwamba yupo. Maneno aliyowanyima watu alimpa mbwa. Mbwa mwenyewe aliitwa Meja, mgongo unamfika mtu mzima kiunoni, kichwa kama ndoo, na watu wa mtaa ule walivuka barabara kwa heshima walipolikaribia geti. Kwa Cleophas alikuwa kama mtoto wa mwisho. Walikaa pamoja getini, mmoja kwenye kiti na mwingine chini, wakigawana karanga za kukaanga.

Msimu wa mvua uliopita, Cleophas alikutwa asubuhi kwenye kiti chake, amekufa. Kabuti lake, lile zito la mtumba lililowahi kuwa la mwanajeshi wa nchi isiyojulikana, lilikuwa limefungwa vifungo vyote hadi shingoni. Kichwa cha Meja kilikuwa mapajani mwake. Ilibidi Bwana Elisha mwenyewe aje kumbembeleza mbwa aondoke, ndipo watu wakapata kumgusa marehemu.

Tangu siku ile Meja hakukubali kula kwa mkono wa mtu mwingine ila Elisha, tena kwa kuombwa kama mgonjwa. Mlinzi mpya aling'atwa paja, akaenda zake bila kuaga. Kwa hiyo mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ikiwa kwenye kilele chake, ilipokuja simu kwamba mama yake Atusaye anafanyiwa upasuaji Mbeya na wote wawili wanahitajika, swali la kwanza ndani ya nyumba ile halikuwa nauli wala ruhusa ya kazini. Lilikuwa Meja. Bwana mifugo alisema hana banda la kumweka mnyama kama yule. Jirani alijitolea kumrushia chakula juu ya ukuta, kutokea upande wake. Mchungaji wao aliahidi kumkumbuka katika maombi.

Hapo ndipo Atusaye alipokwenda Majengo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia ndani, nje kuna upepo."

Atusaye alikaa, akanywa uji aliopewa, akaeleza shida yake. Macho yake yalikuwa ukutani muda wote, kwenye msumari ulioning'iniza kabuti.

"Mama, lile si la baba? Ukilivaa ukaenda nalo, Meja atakula. Yule anafuata harufu. Ni siku chache tu, mpaka mama yangu atoke hospitali."

"Mwanangu," Bertila akasema, "lile halivaliwi."

Inabidi nieleze hapa, maana Atusaye naye alielezwa. Katika ukoo wa kina Cleophas, watu wa Mpui, kuzikwa peke yake hakummalizi mtu. Ulezi ukishavunwa, pombe inapikwa, ndugu wanakaa, na mmoja wao anavalishwa nguo ya marehemu na kuitwa kwa jina lake. Akiitikia, basi huyo ndiye yeye. Watoto wa marehemu watamwita baba, ugomvi wa marehemu utakuwa wake, na neno lake juu ya nyumba na shamba ni neno la marehemu mwenyewe. Mpaka siku hiyo nguo inabaki kwenye msumari. Padri aliwahi kuulizwa kuhusu jambo hili, akatikisa kichwa, akahamia kwenye habari za paa la kanisa.

Na kila mtu alijua nani angevalishwa. Alikuwa Adolfu, mdogo wake Cleophas. Siyo kwamba alikuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka. Baada ya matanga tu alikuja Majengo, akaizunguka nyumba, akaugonga mlango wa mninga kwa kifundo cha kidole kama anayejaribu tikiti, akasema nyumba hii itapangishwa na shemeji atarudi Mpui kuangalia shamba, kwani mjane wa mjini huleta maneno. Bertila hakumjibu. Utamjibu nini mtu ambaye kesho atasema kwa mdomo wa mume wako? Alisubiri atoke, akafunga mlango, akalia huku ameuegemea.

Sasa Atusaye alikuwa ameinamisha kichwa juu ya kikombe cha uji. Yeye ndiye aliyemfumba Cleophas macho pale getini, na ndiye aliyemshika Bertila mkono njia nzima ya makaburini.

"Amekonda, mama," akasema. "Tukimwacha hivi atakufa."

Bertila alilitazama kabuti. Akajiambia, na kosa lenyewe ndilo hili, kwamba kuvaa mbele ya mbwa si kuvaa. Ndugu hawapo, pombe haijapikwa, hakuna atakayeita jina. Mbwa hana ukoo.

Asubuhi ya kwanza ukungu ulikuwa umelala hadi barabarani. Bertila alilivaa kabuti pale pale nje ya geti, mikono yake ikamfunika vidole, pindo likamgusa vifundo vya miguu. Ndani, Meja alikuwa ameanza kunguruma. Alipofungua, mngurumo ukakatika ghafla. Mbwa alikuja polepole, akanusa pindo, akanusa mfuko mmoja, akanusa wa pili. Kisha akainua kichwa akatazama, na Bertila akahisi nywele zikimsimama, maana hakumtazama yeye. Alitazama juu ya kichwa chake, kwenye hewa tupu, mahali ambapo uso wa Cleophas ungekuwa.

Lakini alikula. Alikula ugali wote wa dona na dagaa, akalamba sufuria mpaka ikahama. Halafu akaenda kukaa kando ya kile kiti cha getini na kungoja. Bertila akaona ni utovu wa adabu kumnyima, akakaa. Kile kichwa kizito kikaja mapajani mwake. Alikaa hivyo mpaka jua likaula ukungu, na lazima niseme ukweli, alijisikia vizuri. Kwa miaka yote ya ndoa yao Cleophas hakuwahi kumwonyesha mahali alipokuwa akiacha upole wake. Kumbe aliuacha pale.

Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza kuteleza. Simu ya Atusaye ikaja: kidonda cha mama kimechelewa kupona, watabaki kidogo. Bertila akaenda asubuhi, akaenda jioni. Siku moja Meja alikuwa nyuma ya nyumba na chakula kinapoa, Bertila akafungua mdomo kumwita na kilichotoka kilikuwa mluzi, ule wa Cleophas, wa kupandisha na kukata. Bertila hakuwahi kujua kupiga mluzi. Alijifunika mdomo kwa mkono wa kabuti, akasimama hivyo hivyo wakati mbwa akija mbio.

Kwenye kona ya mtaa ule kulikuwa na fundi viatu, mzee Herman, ambaye macho yake yalibakiza nuru ya kushonea tu. Yeye humjua mtu kwa mwendo. Asubuhi moja alimsikia akipita, akasema bila kuinua kichwa, "Umeamkaje, Cleophas?"

"Nimeamka, mzee. Baridi tu."

Bertila alikuwa amekwenda hatua kadhaa ndipo alipotambua alichojibu. Aligeuka. Mzee Herman naye alikuwa ameacha kushona, sindano ikiwa hewani, midomo ikicheza.

Jioni ile Bertila aliogopa kweli. Alilitundika kabuti kwenye msumari, akasali rozari yote, na kesho yake akaenda kwa Meja na kitenge chake na sweta, kama mtu mwenye akili timamu. Mbwa alimwonyesha meno yote aliyokuwa nayo. Akarudi jioni, hali ni ile ile. Siku iliyofuata Meja hakunguruma tena, alikuwa amelala kando ya kiti na mbavu zikihesabika, sufuria haijaguswa, sisimizi wameshaitwaa. Bertila alisimama kwenye geti akiwaza jinsi atakavyompigia Atusaye, amwambie mtu aliye wodini kwamba na mbwa wako amekufa. Akarudi Majengo kuchukua kabuti.

Safari hii Meja hakutazama juu ya kichwa chake. Alimtazama usoni moja kwa moja, akatikisa mkia. Bertila alifurahi, maskini. Alidhani mbwa amemzoea. Wala hakuona ajabu kwamba mikono ya kabuti, iliyokuwa ikimmeza vidole, sasa ilikomea kwenye kifundo cha mkono. Alijiambia limenywea kwa umande.

Aliyeona ni Modesta. Binti huyu alikuwa mshonaji, ana cherehani yake kwenye kibaraza cha duka moja pale Majengo, na kazi yake ni kuangalia jinsi nguo inavyomkaa mtu. Jioni moja wakiwa wanakula, aliweka tonge chini.

"Mama."

"Unasemaje?"

"Unakohoa kama baba."

"Ni baridi."

"Na jana uliniita Modi." Modesta aliusogeza ugali kando. "Wewe hujawahi kuniita Modi. Uliniambia ni jina la mtoto wa mbuzi, mkagombana. Baba peke yake ndiye aliyeniita hivyo. Mama, liache hilo kabuti. Nakuomba. Bora mbwa afe."

"Akifa nitamwambia nini Atusaye?"

Modesta aliinuka akakusanya sahani. Waliosha vyombo, na Bertila akaufunga mlango wa mninga kama kawaida. Aliufunga kwa mkono wa kushoto. Modesta aliliona na hilo, kwa sababu nyumba ile ilikuwa na mtu mmoja tu wa shoto, naye alishazikwa.

Ndipo Adolfu akapiga simu. Pombe imeiva, shemeji, Jumamosi tunamaliza jambo la kaka. Njoo na nguo yake. Alisema pia kwamba ameshapata mpangaji, mwalimu, mtu mstaarabu. Bertila alikata simu, na katika yote yaliyokuwa yakimpata hilo ndilo lililomuumiza zaidi: mtu mwingine, mstaarabu au si mstaarabu, akiufungua ule mlango kutokea ndani.

Mbwa asingeweza kubaki, kwa kuwa kabuti lilikuwa linaondoka. Mzee Herman akaombwa aliangalie geti kwa masikio yake, na Jumamosi Bertila, Modesta na Meja wakapanda nyuma ya fuso lililokuwa linakwenda tupu kuchukua mahindi. Bertila alikuwa amelivaa kabuti, vinginevyo Meja asingepanda. Njiani uwanda ulikuwa mkavu hadi upeo wa macho, mashamba yamebaki mabua, upepo unachapa. Meja alisimama njia nzima uso ukielekea Mpui, mahali ambapo hajawahi kufika.

Alilivua kabla ya kuingia uwanjani, nyuma ya kihenge cha mahindi, akalikunja vizuri na kumfunga Meja kamba kwenye nguzo ya kihenge. Akaingia na kitenge chake, mjane kama wajane wengine, akaliweka kabuti mikononi mwa wifi yake Kalista, dada mkubwa wa Cleophas, mwanamke mnene aliyepumua kwa shida na ambaye hakuna mtu katika ukoo ule aliyewahi kumkatiza neno. Kalista alilipokea, akalipima kwa mikono, akalinusa kwenye kola. Akamtazama Bertila kwa muda mrefu.

Ilikuwa mchana, jua kali na baridi kali kwa pamoja, kama huku kwetu. Ndugu walikaa kuzunguka uwanja. Adolfu alikaa kwenye mkeka katikati, amenyoa vizuri, miguu imenyooshwa. Kalista akamvalisha kabuti. Halikumkaa. Adolfu alikuwa mwanamume wa kimo cha kaka yake, wote walijua, lakini mabega yalimbana na mikono ikaishia karibu na viwiko. Watu wakajifanya hawaoni. Pombe ikamwagwa kidogo chini, kibuyu kikapita, na Kalista akasimama kuita.

"Cleophas!"

Mara ya kwanza anayevalishwa hajibu, ndiyo desturi. Kimya kikawa kama kinavyotakiwa. Katika kimya kile ikasikika kamba ikikatika nyuma ya kihenge.

"Cleophas!"

Mara ya pili pia hajibu. Meja alikuwa ameingia uwanjani. Watoto walikimbilia kwa mama zao, wanaume wawili wakanyanyua magongo, lakini mbwa hakumwangalia mtu. Alipita kwenye mkeka, akampita Adolfu na kabuti lenyewe, lile kabuti aliloacha kula kwa ajili yake, bila hata kulinusa. Akaenda upande wa wanawake, akafika kwa Bertila aliyekaa na kitenge chake, akageuka, akakaa kando yake akitazama njia ya kuingilia, kama alivyozoea kukaa getini.

Kalista aliyaona yote hayo. Alivuta pumzi, akaita mara ya tatu, na safari hii hakuwa anatazama mkeka.

"Cleophas!"

Adolfu alifungua mdomo. Midomo yake ilifanya umbo la kuitikia, mishipa ya shingo ikamtoka, na hakuna kilichotoka.

"Nipo, dada."

Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu asiyependa kusumbuliwa. Iliwafikia hadi waliokuwa jikoni, na waliokuwa jikoni wakaangusha vyombo. Modesta, aliyekaa ubavuni, aliona midomo ya mama yake ikisogea, akaona na macho ya mama yake yakizunguka kwa hofu juu ya midomo ile, yakitafuta ni nani aliyesema.

Adolfu alilivua kabuti kama linamuunguza.

"Nani amelivaa hili?" Kalista akauliza.

"Mimi, wifi," Bertila akasema, na sasa ilikuwa sauti yake, nyembamba, inalia. "Mbwa hakutaka kula."

"Mbwa hakutaka kula," Kalista akarudia polepole. Alionekana amezeeka pale pale. Alikuja na kabuti mikononi, akamvalisha mwenyewe, akamfunga vifungo kimoja kimoja hadi shingoni. Lilimkaa sawasawa, kama limeshonwa kwa kipimo chake. "Tumekwisha kuita na umekwisha kuitika. Siwezi kukurudisha. Nisamehe, Bertila." Huyo ndiye mtu wa mwisho kumwita hivyo.

Adolfu alikuwa wa kwanza kupiga goti. "Shikamoo, kaka," akasema. Habari ya mpangaji haikutajwa tena, wala haitatajwa. Nani atampangia Cleophas mtu ndani ya nyumba ya Cleophas? Kuhusu nyumba, yule mjane alishinda. Kila alichokiomba kwenye rozari zake alikipata, na ukoo mzima unakubali kwamba nyumba ni yake.

Watu walikunywa pombe yao. Ilipofika zamu ya wanawake kumlilia marehemu kwa mara ya mwisho, wamwage machozi na wamwachie aende, naye alianza kulia, maana alikuwa na mengi ya kumlilia mume wake. Kalista akamshika bega. Akamwambia taratibu kwamba haiwezekani, mtu hajililii.

Siku ya pili yake Bwana Elisha na Atusaye walirudi kutoka Mbeya, mama amepona. Gari liliposimama waliona kiti cha getini kina mtu, kabuti limefungwa hadi shingoni, na mbwa amenenepa, kichwa mapajani. Elisha aliachia usukani. Atusaye alimshika mkono, akacheka kwa woga, akateremsha kioo.

"Mama Modesta! Tumerudi! Jamani, asante, ona alivyonawiri!"

Aliyekuwa kwenye kiti aliendelea kumenya karanga. Meja ndiye aliyegeuka kwanza. Ilibidi Atusaye aite tena, kwa sauti ya juu, ndipo yule akainuka, akatazama nyuma yake kuona anaitwa nani, halafu akaja kufungua geti. Kwa mkono wa kushoto.

"Sasa unaweza kulivua, mama," Atusaye akasema. "Tumekuchosha."

"Baridi tu," akajibiwa.

Modesta alikuja kumchukua jioni, wakatembea hadi Majengo. Njiani binti alijaribu kusema neno "mama" mara kadhaa likamkwama, kwa kuwa mbele ya ukoo alishapiga goti na kusema "Shikamoo, baba," na akaitikiwa. Alikuwa ameweka tumaini lake lote mahali pamoja. Walipofika akasimama kando, akatoa ufunguo, akampa. Alitaka mama yake auone mlango. Alitaka aguse ule mninga kwa kiganja kama alivyofanya kila jioni tangu aununue, ausukume, ausikie ukikaa kwenye fremu.

Mwenye kabuti alisimama mbele ya mlango, ufunguo mkononi, akiupima juu hadi chini. Akaugonga kwa kifundo cha kidole.

"Gharama zote hizi za nini, Modi," akasema. "Bati lingetosha."